Mke wa marehemu si Mwislamu: mirathi ya baba tuipeleke kwa Kadhi au Mahakama Kuu?

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa na mkaazi wa Malindi, mtumishi wa serikali ya kaunti. Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama yetu mzazi alikuwa ametangulia zamani, akituacha mimi na dada zangu wawili. Baba aliishi ukiwa kwa muda, kisha akamwoa mwanamke wa Kigiriama kwa nikaha iliyofungwa na sheikh na kusajiliwa, lakini mama huyu alibaki katika Ukristo wake, na baba hakumlazimisha kusilimu. Waliishi pamoja miaka 11, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa ana miaka tisa, na ambaye baba alimlea katika Uislamu na kumpeleka chuoni kusoma Qurani.

Baba ameacha nyumba Barani, shamba la minazi na mikorosho huko Ganda, na duka la nafaka. Hakuacha wasia. Vyumba viwili vya nyuma vya nyumba hiyo vilijengwa kwa pesa za mama wa kambo, alizozipata katika kuuza vitenge na katika mchezo wa chama chao, na miembe iliyoko shambani aliipanda kwa mkono wake. Hakuna karatasi ya hayo, ila sote tunayajua.

Sasa ami yangu amechukua hati ya nyumba, eti ili aihifadhi. Anasema mirathi ni ya Kadhi peke yake, kwamba mke asiye Mwislamu hatoki hata na kijiko, na kwamba mtoto pamoja na fungu lake atawachukua yeye. Nilipouliza kama haingefaa tupate maoni ya wakili, aliniambia mbele ya watu kwamba anayekwenda mahakama ya serikali ameitupa sheria ya Mungu, na kwamba mimi niliyetia saini kazini kuitii Katiba sina tena la kusema katika jambo la dini.

Dada yangu anayenifuata, ambaye anafanya kazi Nairobi, anataka twende Mahakama Kuu ili tugawane sawasawa kama raia, kwa kuwa haoni sababu ya yeye kupata nusu ya fungu langu. Na mwenzangu mmoja kazini, nilipomsimulia, alicheka akasema kwamba sisi Waislamu tunataka serikali yetu ndani ya serikali.

Bi Mshauri, mimi ni Mwislamu na ni Mkenya, na sijapata kuona taabu kuwa vyote viwili mpaka baba alipofariki. Niende mlango gani?

Mtoto wa Marehemu, Malindi

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu, na marahaba. Mwenyezi Mungu amlaze baba yenu pema.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nimeona kwamba ami yako na dada yako, ingawa wanavutana, wanaamini jambo lilelile: kwamba kwa Kadhi kuna sheria ya Kiislamu na Mahakama Kuu haimo, yule akiiogopa Mahakama Kuu kwa sababu hiyo na huyu akiitumaini kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wamekosea. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu chake cha pili, inasema wazi kwamba mtu akifa naye ni Mwislamu, mali yake itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kinachotazamwa hapo ni dini ya marehemu, si jengo ambalo kesi imefunguliwa. Kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu hapo Malindi, awe ni Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, akiletewa mirathi ya baba yenu ataanza kwa kuuliza Uislamu unasemaje juu ya mafungu. Na hukumu ya Kadhi nayo ikikatiwa rufaa huenda Mahakama Kuu hiyo hiyo, ambako jaji husikiliza akiwa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri wake. Milango ni miwili, lakini ndani vyumba vimeungana.

Sasa nikujibu hili la serikali ndani ya serikali, kwa kuwa nahisi limekuuma kuliko ulivyoandika. Mahakama za makadhi hazikuombwa na Waislamu baada ya Kenya kuwa dola. Zilikuwepo kabla ya jina Kenya kutiwa kwenye ramani. Mwambao huu wa maili kumi, pamoja na Malindi na visiwa vya Lamu, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza alipokuja kuusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895 aliukuta na maliwali na mamudiri, yaani watawala wa Sultani, na makadhi wake, akawaacha waendelee. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Sultani alikubali kuachilia madai yake juu ya mwambao, na katika barua walizoandikiana Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, serikali ya Kenya iliahidi kwamba Waislamu watakuwa huru katika ibada zao na kwamba mamlaka ya makadhi katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi yatahifadhiwa. Mwenzako wa kazini anaona upendeleo. Mimi naona sehemu ya maafikiano yaliyoufanya mwambao huu uwe Kenya. Majirani zetu walikwenda njia nyingine: Tanzania Bara haina makadhi ndani ya mahakama za dola, ilhali Zanzibar inao. Kila nchi ilipatana kwa namna yake.

Mapatano hayo hayakupita bila kupingwa. Mnamo Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuwekwa kwa mahakama za makadhi katika Katiba ya zamani kulikuwa kinyume cha usawa wa raia na cha kutenganisha dini na dola, na viongozi wengi wa makanisa wakaipinga rasimu ya Katiba mpya kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine. Wakenya walipiga kura tarehe 4 Agosti mwaka huo, rasimu ikapita na makadhi wamo. Ndiyo maana leo Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, na Ibara ya 170 inaweka makadhi ndani ya Idara ya Mahakama, wakiteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama na kulipwa na hazina ya umma. Wapo wanaoona hapa mgongano. Mimi, niliyekaa miaka mingi kwenye meza ya karani wa mahakama kabla ya kustaafu, naona kwamba Kadhi wa Malindi ni ofisa wa dola kama alivyo hakimu, na muhuri anaougonga una nembo ya Jamhuri. Ami yako anapokuambia uikimbie serikali uende kwa Kadhi, anakuambia uitoroke serikali uingie serikalini.

Na hapo ndipo neno lake juu ya Katiba linapoanguka. Kama kuitumikia dola isiyo na dini ni kuitupa dini, basi tutasema nini juu ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu 1937 hadi alipofariki 1947, na mwajiri wake alikuwa serikali ya Mwingereza? Tutasema nini juu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyetufasiria Qurani kwa Kiswahili, na ambaye alishika cheo hicho katika Kenya huru? Maswahaba waliohamia Habasha, yaani Ethiopia, waliishi chini ya mfalme Mkristo, wakatetewa naye, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyewaelekeza huko kwa kuwa kwake hakudhulumiwa mtu. Ahadi uliyotia saini kazini ni mkataba, na Sura ya Al-Maida inafungua kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Zaidi ya hayo, Katiba uliyoahidi kuitii ndiyo hiyo hiyo inayompa Kadhi kiti chake.

Nimekawia hapo kwa makusudi, kwa maana ukishayaondoa hayo njiani, jambo lenyewe la mirathi si gumu kama linavyopigiwa kelele.

Ibara ya 170 inampa Kadhi mamlaka katika mambo manne tu niliyoyataja juu, na inaweka masharti mawili kwa pamoja: wahusika wote wa shauri wawe ni Waislamu, na wote wakubali kuingia katika mamlaka ya mahakama hiyo. Mama yako wa kambo hana sharti la kwanza. Hata angekubali kwa moyo safi kuja kwa Kadhi, ridhaa yake haitoshi, kwa kuwa Katiba haikusema ama hili ama lile. Kwa hiyo Kadhi anaweza kutaja warithi Waislamu wa baba yenu na mafungu yao, lakini hawezi kusikiliza na kukata dai la mama huyu juu ya vyumba viwili na miembe. Dai hilo, likigombaniwa, ni la mahakama ya kawaida. Dada yako naye ana sharti la pili mkononi: asipokubali kwenda kwa Kadhi, hapelekwi kwa nguvu.

Juu ya fungu la mke, siwezi kukuficha. Hadithi iliyo sahihi kwa Bukhari na Muslim inasema kwamba Mwislamu hamrithi asiyekuwa Mwislamu, wala yeye hamrithi Mwislamu. Angekuwa Mwislamu angepata thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kwa hali ilivyo, kwa mirathi hana fungu. Lakini ami yako ameruka kutoka neno hilo hadi kwenye kijiko, na baina yake kuna mambo mengi ambayo fiqhi yetu ya Kishafii, yaani elimu ya sheria ya dini, inayajua vizuri sana.

La kwanza ni kwamba mirathi haigawanywi ila baada ya kulipa gharama za maziko na madeni, na mke, awe wa dini gani, anaweza kuwa mdai. Muulizeni kama mahari yake yalilipwa yote. Kama yalibaki, hilo ni deni, na linatoka kabla yako wewe. La pili ni mali yake mwenyewe, ambayo haikuwa ya marehemu hata siku moja na hivyo haiwezi kuingia katika tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Vyumba viwili vilijengwa kwa pesa zake, na nyinyi nyote mnashuhudia. Kilichobaki ni kujua kama alimpa mumewe zawadi, alimkopesha, au walishirikiana. Kuhusu miembe, hapa pwani tunaelewa tangu mababu kwamba mwenye mti anaweza kuwa si mwenye ardhi, na sijaona sababu ya ufahamu huo kututoka siku mwenye mti anapokuwa mjane. Na kama Kadhi atahitaji kujua kipi kilikuwa cha marehemu na kipi hakikuwa, mama huyu anaweza kuitwa kama shahidi ingawa si mhusika wa shauri, kwa sababu Sheria ya Mahakama za Makadhi ya mwaka 1967 inataka mashahidi wote wasikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala kwa jinsia. Ami yako huenda hajaisoma.

La tatu ni hisani. Sura ya An-Nisaa, kabla ya kuyataja mafungu, inawaambia wanaogawa kwamba wakihudhuria jamaa, mayatima na masikini, wapewe chochote katika mali hiyo na waambiwe maneno mazuri. Wewe na dada zako ni watu wazima, na fungu la kila mmoja wenu ni lake, ana hiari ya kumpa amtakaye. Mngeweza kuandikiana kwamba mama aendelee kukaa katika vyumba vyake kwa maisha yake, au apewe sehemu fulani ya shamba. Baba yenu angeweza kuyafanya haya mwenyewe kwa wasia usiozidi thuluthi ya mali, kwa kuwa mke huyu si mrithi na wasia kwake ungefaa. Hakufanya, na wanaume wengi wa mji huu waliooa kama alivyooa yeye hawajafanya mpaka leo.

Angalia lakini: hisani hiyo isiguse fungu la mdogo wako. Mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kutoa zawadi, na hakuna mtu anayeweza kumtolea.

Kwa hesabu, ikiwa babu na bibi yenu wa upande wa baba hawako hai, kitakachobaki baada ya madeni kitafanywa mafungu sita: wewe mawili, mdogo wako mawili, na kila dada moja. Ami hayumo. Ndugu wa marehemu huzuiwa na mtoto wa kiume, na baba yenu ameacha wawili. Wala hana haki ya moja kwa moja juu ya mali ya yatima, kwa sababu katika madhehebu ya Shafii mwenye usimamizi wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, na wakikosekana hao usimamizi ni wa kadhi. Ami hatajwi popote katika safu hiyo. Ama mtoto mwenyewe, Ibara ya 53 ya Katiba inataka maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na kumtoa kwa mama aliyemlea miezi minane tu baada ya kumzika baba yake si jambo ambalo mtu atalifanya kwa kauli ya barazani.

Nimebakiwa na dada yako, na kwake sitaki kupita haraka. Swali lake ni la raia, na ana haki ya kuliuliza bila kuitwa jina baya. Ibara ya 27 inampa usawa. Ibara ya 24 inaruhusu usawa huo upunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu, lakini kwa kiasi kile tu ambacho ni lazima kabisa, mbele ya mahakama za makadhi, na katika yale mambo manne. Maneno hayo ni membamba, na Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya mahakama zote, iliyasoma kwa wembamba wake mwaka 2025, ilipokataa kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanyimwe urithi wa baba yao Mwislamu, hukumu ambayo wengi wetu hatukuipokea kwa furaha. Kwa hiyo akienda Mahakama Kuu atakutana na Sheria ya Urithi inayomrudisha kwenye mafungu ya Kiislamu, na atakuwa huru kuibishia kwa Katiba; matokeo yake mimi sikuhakikishii, wala wakili mkweli hatamhakikishia, na ardhi ya Ganda inaweza kukaa miaka bila kuuzwa wala kupandwa.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu na nimeridhika na fungu langu, lakini nimeridhika kwa sababu kaka zangu walibeba yaliyowalazimu. Mafungu mawili ya mwanamume yamefungamana na nafaqa, yaani matunzo ya jamaa zake, anayodaiwa, naye dada hadaiwi. Mjini hapa nimewaona makaka waliochukua mawili mbele ya Kadhi na wasimjue tena dada yao alipoachwa na watoto. Keti naye kabla hujaketi na mtu mwingine, muulize ana hofu gani hasa, na umwambie wewe utabeba nini. Huenda anachokitaka si nusu ya shamba. Na ikiwa ndicho anachokitaka, hakuna anayekukataza kumwongeza kutoka lako.

Utaratibu ambao ningeufuata mimi ni huu. Andikeni orodha ya mali na madeni yote, mama wa kambo akiwepo na vyake vikiandikwa kando, na kila mtu mzima atie saini mbele ya mashahidi. Kama mtapatana juu ya vyumba, miembe na mahari, suluhu hiyo ina heshima kwa Mwenyezi Mungu, aliyesema suluhu ni kheri, na pia kwa dola, kwa kuwa Ibara ya 159 inazitaka mahakama zihimize mapatano. Baada ya hapo nendeni kwa Kadhi nyinyi warithi, ikiwa dada zako wote wawili wameridhia, mkaombe mafungu yatajwe na mtoto awekewe msimamizi wa mali yake. Msipopatana na mama, msikimbilie kwa Kadhi kwa siri ili mrudi na karatasi ya kumtisha; mirathi hiyo yote itafunguliwa tena Mahakama Kuu, nanyi mtakuwa mmeonekana mlivyo.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa ami yako na wazee wawili anaowaheshimu, mwamkie kama inavyompasa, umshukuru kwa kuihifadhi hati, na umwombe airudishe. Akikataa, niandikie tena, kwa kuwa hapo tutakuwa hatuzungumzi juu ya mirathi.